Kikombe Kimoja cha Kijani, na Chai Nyingi

Nyumbani kwa shangazi yangu majani ya chai hukaa jikoni, ndani ya kopo la maziwa ya unga ambayo yaliisha sisi tukiwa bado wadogo. Sukari iko pembeni yake, iliki kwenye kichupa, tangawizi kwenye kikapu cha vitunguu. Boksi la chai ya kijani halikai huko. Nililikuta chumbani, kwenye droo ya kabati, limelala kati ya vidonge vya presha na chupa ya mafuta ya habat soda. Nilipouliza limefikaje kule, shangazi alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mswaki haukai kwenye kabati la vyombo.

"Mwanangu, hiyo si chai," akasema. "Hiyo ni dawa."

Na kweli huinywa kama dawa. Kila usiku huchemsha maji hadi yatokote, hutumbukiza vifuko viwili kwenye kikombe kikubwa, hukifunika kwa kisosi na kukiacha robo saa nzima "ili nguvu itoke". Kisha hufumba macho na kunywa kwa mkupuo mmoja, uso ameukunja kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Ubavuni mwa boksi pameandikwa, kwa Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine, kwamba majani hayo yanakata tumbo, yanasafisha damu, yanatoa sumu mwilini, yanashusha sukari na kurudisha ujana. Aliyemuuzia ni mwenzake wa kikoba. Aliyemuuzia huyo mwenzake ni mtu wa kwenye simu. Bei yake ingetosha majani ya kawaida ya miezi mitatu.

Vijana wa mjini, mtu akizidisha chumvi kwenye hadithi yake, humkata kwa neno moja: "Chai!" Boksi la shangazi lina chai za aina zote mbili, ya kunywa na ya kuambiwa. Ile ya kwanza nina hamu ya kuitetea, kwa kuwa mimi mwenyewe huinywa kila siku, na naona hii ya pili inaiharibia jina.

Tuanze shambani. Wengi ninaozungumza nao wanaamini chai ya kijani ni mmea mwingine kabisa, wa Wachina, kama mchaichai ulivyo mbali na mbuni. Sivyo. Ni mchai uleule, ambao wataalamu huuita Camellia sinensis, uleule uliopandwa Limuru mwaka 1903, na Amani kule Usambara na Rungwe wakati wa Wajerumani. Mama wa Mufindi anayechuma majani mawili na kichipukizi chake na kuyarusha kwenye kikapu mgongoni, amechuma chai nyeusi na chai ya kijani kwa pamoja. Jani bado halijaamua. Saa chache zinazofuata ndizo zitakazoamua.

Katika jani bichi mna kimeng'enya kinachosubiri jeraha. Jani likipondwa, hewa ikaingia, kimeng'enya hicho huanza kazi na jani hugeuka rangi, kama biringanya lililokatwa na kuachwa mezani. Viwanda vyetu karibu vyote vimejengwa juu ya tabia hiyo. Majani hunyaushwa, hupitishwa kwenye mashine yenye roli za meno zinazoyasaga, kuyachana na kuyakunja, mtambo uliobuniwa Assam miaka ya 1930, kisha hutandazwa yapigwe hewa hadi yawe na rangi ya shaba, ndipo yakaushwe kwa joto. Hutoka punje ndogo nyeusi zinazotoa rangi upesi na kustahimili maziwa. Ndiyo chai tunayoijua, na ni chai nzuri. Anayetaka ya kijani hufanya jambo moja tu tofauti, tena hulifanya mapema: hulipasha jani moto kabla kimeng'enya hakijaamka. Wajapani hutumia mvuke. Wachina hukaanga.

Nimeiona kazi hii kwa macho yangu, hata kama kiwanda chenyewe kilikuwa karai la maandazi. Rafiki yangu ana ekari moja na nusu ya chai Rungwe. Majirani zake kadhaa wameng'oa michai wakapanda parachichi, yeye bado anasitasita. Nilipomtembelea nikamwomba kilo moja ya majani ya asubuhi. Mkewe alicheka, maana pale jani la chai ni kitu cha kupeleka kwenye mzani wa kituo, hakuna anayelipika. Tulibandika karai kwenye mkaa mpaka tone la maji likawa linaruka juu yake. Tukatupia konzi mbili za majani. Yalilia kama mchicha unaoingia kwenye mafuta, mvuke ukapanda, na harufu iliyotoka ilikuwa ya maharage machanga yaliyochemshwa na maganda yake. Tuligeuza kwa mikono, haraka haraka, vidole vikiungua. Baada ya dakika tatu nne majani yalilegea. Tukayamwaga kwenye ungo, tukayasokota kwa viganja hadi utomvu ukaanza kunata, tukayarudisha kwenye moto mdogo, tukayasokota tena. Ilituchukua karibu saa mbili. Kilo ile ilizaa kama gramu mia mbili za vijiti vilivyojikunja, vya kijani iliyofifia, na mikono yetu ilinuka nyasi mpaka usiku.

Konzi moja tuliiponda kwa makusudi tukaiacha kwenye sahani bila kuipasha. Tulipomaliza kukaanga, ile ya sahani ilikuwa imekwisha kuwa ya kahawia.

Ninaisimulia kwa urefu kwa sababu inaondoa nusu ya uchawi. Chai ya kijani ni jani lililozuiwa kubadilika. Kemikali zinazosifiwa sana, zile katekini, na hasa moja iitwayo kwa kifupi EGCG, zimo katika kila jani la mchai. Tukitengeneza chai nyeusi, nyingi kati ya hizo hugeuka kuwa kitu kingine chenye rangi na ukali. Tukitengeneza ya kijani hubaki kama zilivyokuwa.

Shangazi hakuwa wa kwanza kuiweka chai kwenye droo ya dawa. Ana wenzake wa zamani sana. Mtawa wa Kibudha aitwaye Eisai alirudi Japani kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu kizima, Kissa Yojoki, kueleza jinsi kinywaji hicho kinavyotunza afya na kurefusha maisha. Mwaka 1214 mtawala wa kijeshi, Minamoto no Sanetomo, aliamka hoi baada ya usiku wa pombe. Eisai akampelekea bakuli la chai, na nakala ya kitabu. Muuzaji hodari huyo! London, karibu mwaka 1660, mwenye mgahawa mmoja jina lake Thomas Garway alichapisha tangazo akidai chai inatibu kichwa, vijiwe vya figo, uzito wa usingizi na ndoto mbaya. Ukilipeleka tangazo lile kwa kikundi cha shangazi hakuna atakayegundua kuwa lina zaidi ya miaka mia tatu na hamsini.

Na udanganyifu nao una ukoo mrefu. Mskoti Robert Fortune, aliyepenya mashamba ya China mwishoni mwa miaka ya 1840 akiwa amejigeuza mavazi ili aipatie kampuni ya Waingereza miche na siri za chai, aliwakuta wafanyakazi wa kiwanda kimoja mikono yao ikiwa ya buluu. Walikuwa wakichanganya rangi ya buluu ya kupaka na unga wa jasi kwenye chai ya kijani iliyokuwa ikienda Ulaya na Marekani, kwa sababu wateja wa huko waliamini chai ya kijani lazima ing'ae kijani. Wachina wenyewe hawakuinywa. Huyohuyo Fortune ndiye aliyewathibitishia Wazungu kwamba nyeusi na kijani ni mti mmoja.

Lakini Japani haikuiacha chai kwa tabibu. Ilikwenda kwa watawa waliotaka kukesha katika tafakuri, kwa mabwana wa vita, kwa Sen no Rikyu wa karne ya 16 aliyeifanya shughuli ya kumkaribisha mgeni iwe sanaa, na mwishowe kwa watu wa kawaida. Mwaka 1738 mkulima wa Uji, Nagatani Soen, alipata namna ya kupika jani kwa mvuke, kulisokota na kulikausha, na chai nzuri ikaweza kuingia nyumba ya yeyote. Huko chai humiminwa juu ya wali uliobaki ukaliwa kama mchuzi. Makapi yake yenye unyevu yalikuwa yakinyunyizwa juu ya mikeka kabla ya kufagia, yashike vumbi, kama sisi tunavyonyunyiza maji uwanjani. Kwa Waburma jani la chai huchachushwa likaliwa, kachumbari ya heshima ya kumpa mgeni. Moroko, ambako mchai haukuwahi kuwa zao la maana, chai ya kijani ya China iliyokunjwa kama risasi za gobori hupikwa na nanaa na sukari tele, ikamiminwa kutoka juu hadi povu lisimame kwenye bilauri. Ukinyanyuka kabla hujanywa umemkosea mwenye nyumba. Kote huko jani lilihama kutoka kabatini likaenda jikoni. Letu ndilo bado liko chumbani kwa shangazi.

Sasa afya yenyewe, maana najua wengine wameruka aya zote hizo kuja hapa.

Ushahidi ninaouheshimu zaidi unatoka Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani. Kuanzia mwaka 1994 watafiti waliwafuatilia watu 40,530 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, kwa miaka hadi 11, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Wanawake waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kufa katika kipindi hicho uliopungua kwa asilimia 23 kulinganisha na waliokunywa chini ya kimoja. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 12. Tofauti kubwa ilionekana kwenye magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, kiharusi kikiwamo. Kwenye vifo vya saratani haikuonekana tofauti. Ni habari njema, ila ni habari ya watu waliotazamwa wakiishi maisha yao, wanaokula samaki na mboga zao, wala si ya watu waliopewa chai kwa majaribio. Na kikombe cha huko kina mililita 100 hivi. Kikombe cha shangazi kinabeba vitatu vya namna hiyo.

Tumbo je? Hapa naomba radhi kwa wenye maduka ya mtandaoni. Mwaka 2012 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima kwa mizani moja, walipitia majaribio 18 ya chai ya kijani na bidhaa zake kwa kupunguza uzito. Katika yale yaliyofanyika nje ya Japani wastani wa uzito uliopungua zaidi ya wale wasiotumia ulikuwa kilo 0.04. Yaani gramu arobaini. Ukitoa leso na funguo mfukoni umepungua zaidi ya hapo. Kuhusu saratani, Cochrane haohao waliporudi mwaka 2020 wakiwa na tafiti 142 walisema ushahidi unapingana na hautoshi kushauri mtu. Na "kutoa sumu" ni kazi ya ini na figo zako, ambazo zimekuwa zikiifanya bure tangu ulipozaliwa.

Kuna mahali pamoja ambapo jani hili limepita mlango wa mbele wa hospitali. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mafuta ya kupaka yaliyotengenezwa kwa katekini za chai ya kijani, ya kutibu masundosundo ya sehemu za siri. Hilo halijaandikwa kwenye boksi lolote nililoliona mjini, na sishangai.

Linalonitia wasiwasi ni kidonge. Kikombe kina mpaka wake: uchungu utakuzuia kabla hujajidhuru. Kidonge hakina uchungu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitazama suala hili mwaka 2018 ikaona kuwa chai ya kawaida ya kikombe kwa ujumla ni salama, ila virutubisho vyenye miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku vinaonyesha dalili za kuumiza ini. Anayekuuzia "dondoo la chai ya kijani" kwenye kichupa akikwambia halina madhara kwa kuwa ni la asili, mkumbushe kuwa mbarika nao ni wa asili. Na kwa akina shangazi wenye presha: Wajapani walipowapa watu chai ya kijani pamoja na nadolol, dawa mojawapo ya presha, kiasi cha dawa kilichofika kwenye damu kilishuka kwa asilimia 85. Si kila dawa ya presha huathirika hivyo. Lakini daktari wako anapaswa kujua unakunywa nini usiku, na ni wangapi wanaomwambia?

Na sisi je, tunaikosea wapi? Nitaanza na maji, kwa sababu ndipo kosa la shangazi lilipo na ndipo penye jambo zito kuliko ladha. Maji yanayotokota huikamua chai ya kijani uchungu wote. Inataka maji yaliyopoa kidogo, nyuzi 70 hadi 80, na dakika moja au mbili tu. Huna kipimajoto? Mimina maji ya chupa ya chai kwenye bilauri, kutoka kwenye bilauri hadi kwenye kikombe, ndipo utie majani. Wazee waliomimina chai kwenye kisosi na kuinywa kwa kufyonza walikuwa wanajua walifanyalo. Watafiti walipopima chai ya watu wa Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walikuta watu huanza kuinywa ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzi 70. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaviweka vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, ugonjwa unaowaandama watu wa ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika kundi lile chai haikutajwa kwa rangi. Kilichotajwa ni joto. Mtu anayechoma koo lake kila asubuhi kwa chai ya kijani ili ajikinge na saratani amefanya biashara ya hasara.

Kosa la pili ni chakula. Chai yoyote, nyeusi au kijani, hushika madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na nafaka, mwili ukakosa kuyachukua. Hapa Tanzania, zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mama mjamzito anayekula maharage na mchicha kwa ajili ya damu kisha akateremshia kikombe cha chai anajinyang'anya mwenyewe. Asubiri saa moja.

La tatu ni sukari, na hapa huwa naambiwa Mswahili hawezi kunywa kitu kisicho na sukari. Nani kasema? Nenda baraza yoyote ya Unguja, Tanga au Mombasa baada ya Alasiri. Muuza kahawa anakuja na dele lake la shaba, vikombe vinagongana mkononi, na wazee wanakunywa kahawa chungu isiyo na chembe ya sukari, kidogo kidogo, wakisuluhisha siasa za dunia nzima. Anayetaka utamu anatafuna kashata pembeni. Namna ya kunywa chai ya kijani tunayo tangu zamani, ila tumeipa kahawa. Vikombe vilevile, ukubwa unaokaribia ule wa Miyagi, baraza ileile.

Nikiri kuwa nina kinyongo kidogo cha kibiashara pia. Soko la chai la Mombasa limejaa chai nyeusi kutoka nchi zetu zote, wakati kwenye rafu za supamaketi za Dar maboksi mengi ya kijani yamevuka bahari kuja kwetu. Kenya imejaribu njia nyingine: mwaka 2011 watafiti wa Kericho waliwapa wakulima mche wenye majani ya zambarau, na Rwanda wapo wanaotengeneza kijani kwa ajili ya kuuza nje. Sitegemei mkulima wa ekari moja na nusu akaange majani kwenye karai. Mvuke unataka mtambo, na mtambo unataka soko. Ila soko hilo haliwezi kuanza wakati sisi wenyewe tunadhani mti wa chai ya kijani hauoti kwetu.

Nilirudi Dar na zile gramu mia mbili kwenye bahasha ya kaki. Nikaenda kwa shangazi Jumapili, nikamwamkia, nikaomba ruhusa ya kuingia jikoni kwake. Nilimimina maji mara mbili kabla ya kutia majani, nikahesabu dakika moja na nusu, nikachuja kwenye vikombe vya kahawa vya marehemu bibi. Rangi yake ilikuwa ya njano iliyopauka kama majani ya mgomba yaliyoanza kukauka. Shangazi alikishika kikombe kwa vidole viwili, akanusa, akakumbuka kukunja uso, kisha akasahau. Akanywa fundo la pili.

"Hii haina uchungu," akasema kwa kushuku. "Ina nguvu kweli?"

"Ni chai tu, shangazi. Imetoka Rungwe."

"Rungwe?" Akakigeuza kikombe kama anayetafuta maandishi. Akamaliza kilichobaki, akasogeza kikombe mbele yangu nimwongeze, na alipoona namimina akanyoosha mkono kuelekea kwenye kopo la sukari.

"Kijiko kimoja tu," akasema, "kwa kuwa si dawa."